Je, Panya Aweza Kumdhuru Nyoka Amlaye?

Mavuno ya uwele, mtama na alizeti yanapokwisha mkoani Singida, nafaka huhama kutoka mashambani kwenda vihengeni, na panya huifuata. Nyuma ya panya huja nyoka. Mwenye nyumba amwonapo nyoka kando ya kihenge huchukua fimbo, na mambo huishia hapo. Lakini wako watu, ingawa ni wachache, ambao kwao nyoka si kiumbe wa kuuawa bali wa kulishwa. Wamo wacheza ngoma ya nyoka wa Kisukuma, ambao chama chao cha Buyeye kilielezwa na Hans Cory mwaka 1946. Wasukuma wengi wamehamia na ng'ombe wao katika nyanda za Iramba na Manyoni, na ngoma haibaki nyuma mwenyewe anapohama. Wamo waonyeshaji wa nyoka, ambao hujipatia riziki penye mikusanyiko ya watu. Wamo pia walimu wa biolojia ambao hupenda kuwaonyesha wanafunzi nyoka mdogo wa majumbani, yule wa rangi ya kahawia asiye na sumu, ndani ya sanduku la kioo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamtaka afugaye mnyama wa porini awe na kibali, na hilo ni jambo la kwanza la kuangaliwa kabla ya lolote lingine.

Watu hawa wote hukutana na swali moja. Nyoka hula panya. Panya ni mchafu, hubeba magonjwa, na mara nyingine hukamatwa akiwa tayari anapepesuka. Je, nyoka akimla panya wa namna hiyo ataugua? Swali hili si la mzaha kwa mtu ambaye chatu wake ndiye mtaji wake. Chatu afapo siku tano baada ya kula, wengine husema amekufa kwa uchungu wa kufungiwa, na wengine humtafuta hasidi. Ni wachache wanaofikiria kumchunguza yule panya.

Jibu la sayansi ni kwamba panya aweza kumdhuru nyoka, na hata kumwua. Lakini njia ambazo watu huzihofia zaidi sizo zenye hatari zaidi.

Tuanze na panya mwenyewe. Panya aliye wengi kuliko wote katika mashamba ya Tanzania ni yule ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, na ambaye wakulima humwita panya shamba. Jike lake huchukua mimba kwa siku 23 hivi na huzaa kwa wastani watoto kumi au kumi na mmoja kwa mara moja, na mara nyingine hupindukia hapo sana. Mvua zikinyesha vema na chakula kikawa tele, idadi yake hufurika kwa muda wa miezi michache tu. Panya huyu na jamaa zake wamehusishwa na tauni, ugonjwa ambao ulithibitishwa katika nchi hii kwa mara ya kwanza mwaka 1886. Kwa hiyo mtu amwogopapo panya ana sababu nzuri.

Hata hivyo nyoka wa porini huwala panya hao hao, wazima kwa wagonjwa, mwaka hata mwaka, naye huishi. Sababu moja ni tofauti ya maumbile. Mwili wa panya una joto la nyuzi 37 hivi usiku na mchana, na vijidudu vingi viishivyo ndani yake vimezoea joto hilo na damu hiyo. Nyoka hajitengenezei joto lake; joto la mwili wake hupanda na kushuka kufuatana na jua, mwamba na udongo alalapo. Kijidudu kilichozoea nyumba yenye moto wa daima hujikuta ghafla katika nyumba ambayo moto huwashwa asubuhi na kuzimika jioni. Tena tumbo la nyoka baada ya kumeza hutoa asidi kali ambayo huyeyusha nyama na hata mifupa, ikabakiza manyoya na kucha. Vijidudu vingi havivuki hapo vikiwa hai.

Vingine huvuka, lakini kama wapita njia. Mfano mzuri ni vimelea viitwavyo Cryptosporidium. Nyoka ana aina yake, Cryptosporidium serpentis, ambayo hunenepesha kuta za tumbo lake, humfanya atapike chakula na kukonda hata afe. Panya naye ana aina zake. Nyoka akimla panya mwenye aina za panya, vimelea hivyo hupita utumboni na kutokea kwenye kinyesi bila ya kumdhuru. Mpimaji ambaye hakutenganisha aina hizi mbili chini ya darubini aweza kumhukumu kifo nyoka mzima.

Yako lakini magonjwa ambayo kwayo panya si mpita njia bali ni gari lenyewe. Lililo mashuhuri katika Afrika ya kitropiki ni la kimelea kiitwacho Armillifer armillatus. Jina hilo la Kilatini lina maana ya mbeba bangili, nalo lastahili, kwa maana mwili wake una pete zilizopangana kama bangili katika mkono wa bibi harusi. Ukikiona utadhani ni mnyoo. Si mnyoo; wataalamu wa ukoo wa viumbe wamethibitisha kwamba ni jamaa wa kamba na kaa, aliyepoteza miguu na gamba kwa kuishi maisha ya kunyonya damu ndani ya mapafu ya nyoka. Jike huweza kufikia urefu wa sentimita kumi na zaidi.

Maisha yake huhitaji wenyeji wawili. Jike hutaga mayai ndani ya pafu la chatu au la moma, ambaye wengine humwita kifutu. Mayai hupanda pamoja na makohozi hata kinywani, mengine humezwa na kutoka kwa kinyesi, na hivyo huenea juu ya majani na katika maji. Panya huyala. Ndani ya utumbo wa panya yai huanguliwa, na kiluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, kikaenda kujikunja ndani ya ini au utando wa tumbo. Hapo hukua kwa miezi kadhaa, kisha hutulia na kungoja. Panya asipoliwa na nyoka, safari imekoma. Akiliwa, kiluwiluwi huamka, hutoboa tena, safari hii ukuta wa utumbo wa nyoka, na hujipenyeza hadi mapafuni.

Vikiwa vichache, nyoka huishi navyo miaka mingi. Vikiwa vingi, mambo hubadilika. Chatu ana mapafu mawili, moja kubwa na jingine dogo, lakini moma hutegemea pafu moja tu. Kwake yeye vimelea vichache vinene vyatosha kuziba njia ya pumzi. Nyoka huonekana akifungua kinywa ili apumue, huinua kichwa, hutoa ute puani, hukataa chakula. Mara nyingi bakteria huingia katika majeraha yaliyoachwa na vimelea, na nyoka akafa kwa homa ya mapafu. Aliyemkamata nyoka huyo porini yampasa ajue kwamba huenda alikuja na ugonjwa huo tumboni mwa mlo alioula zamani, na kwamba kila panya wa porini ampaye ni nafasi nyingine ya kuongeza wageni.

Kimelea hiki chamhusu pia mwanadamu. Mtu akila nyama ya nyoka isiyoiva, au akinywa maji yenye mayai hayo, au akimshika nyoka na kula bila ya kunawa, mwili wake hugeuzwa kuwa mahali pa panya: viluwiluwi hujikunja ndani yake na kungoja nyoka ambaye hatakuja kumla. Wagonjwa wengi hawahisi chochote, na viluwiluwi vilivyokufa huonekana kwa bahati katika picha ya eksirei kama vipande vidogo vyenye umbo la mwezi mwandamo. Lakini huko Sankuru, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, madaktari wamewaeleza watu ambao kimelea cha ukoo huu kiliwaingia jichoni. Mcheza ngoma ambaye huweka kichwa cha nyoka kinywani mwake ili kuwashangaza watazamaji angefaa aelezwe habari hii kabla ya sifa za ushujaa.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba njia hii ina pande mbili. Kiko kimelea kingine, Sarcocystis singaporensis, ambacho huishi kwa zamu kati ya chatu wa Asia na panya. Chatu hukibeba utumboni bila ya taabu kubwa. Panya ndiye afaye, akila mayai mengi yaliyotoka katika kinyesi cha chatu. Nchini Thailand wataalamu walikitia kimelea hiki katika chambo ili kuwapunguza panya mashambani. Hapo mwulizaji angegeuza swali lake: si panya amwambukizaye nyoka, bali nyoka amwambukizaye panya.

Katika nchi za ng'ambo, ambako kufuga chatu majumbani ni jambo la kawaida, hofu kubwa imekuwa ya ugonjwa mwingine. Tangu miaka ya 1970 chatu na jamaa zao wa Amerika waitwao boa walionekana wakipinda shingo na kutazama juu kama walewi, wakitapika chakula na kufa. Ndani ya chembe hai za miili yao mlikuwa na madonge ya protini, lakini kisababishi hakikujulikana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitangaza kwamba walikuta kwa nyoka hao virusi vya jamii ya arena. Habari hiyo iliwashtua wengi, kwa maana jamii hiyo ilijulikana zaidi kwa panya. Virusi vya homa ya Lassa, ambavyo huua watu Afrika ya Magharibi, hubebwa na panya shamba huyu huyu, Mastomys natalensis. Na hapa Tanzania, mwaka 2009, vilitangazwa virusi vya jamii hiyo vilivyopatikana kwa panya shamba wa Morogoro na kupewa jina la mji huo. Havijulikani kuleta ugonjwa kwa binadamu. Basi shaka ilimwangukia panya wa chakula: huenda ndiye aliyewapa nyoka virusi vyao.

Vipimo vya nasaba havikuunga mkono shaka hiyo. Virusi vya nyoka vimo katika jenasi yake, mbali na ile ya virusi vya panya. Hupita kutoka nyoka hadi nyoka, na kutoka mama hadi watoto, na utitiri unyonyao damu ya nyoka hushukiwa kuwa msaidizi. Kwa ushahidi uliopo, panya ameachiliwa huru katika kesi hii. Mfugaji ambaye humchanganya nyoka mgeni na wenyeji bila ya kumtenga kwanza ana kosa kubwa kuliko la panya.

Sasa tufikie lile ambalo, kwa maoni ya mwandishi, lingepasa kutajwa kabla ya vijidudu vyote, nalo ni sumu. Panya wanapofurika, wakulima hutumia sumu za namna mbili. Ya kwanza ni fosfidi ya zinki, unga wa kijivu uchanganywao na nafaka. Ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na panya hufa kwa muda wa saa chache. Nafaka ambayo haijasagika tumboni mwa panya bado ina sumu, na amezaye panya mzima humeza na hiyo nafaka. Ya pili ni sumu zizuiazo damu kuganda, kama vile bromadioloni. Hizi hufanya kazi polepole. Panya huendelea kuishi kwa siku tatu, nne au zaidi, huku damu ikivuja ndani yake. Hulegea, hutoka mchana, hashtuki upesi. Kwa maneno mengine, huwa panya rahisi kuliko wote kukamatwa, na mtoto aliyetumwa kutafuta chakula cha nyoka humleta huyo. Sumu hukaa ndani ya ini lake, na ini humezwa pamoja na vyote.

Tafiti chache zilizofanyika zaonyesha kwamba nyoka na mijusi, kwa jumla, huvumilia sumu za damu kuliko ndege na wanyama wanyonyeshao. Uvumilivu huo usimdanganye mtu. Mwaka 2020 watafiti wa mji wa Perth, Australia, walipima nyoka waliokufa mjini humo, na katika aina moja iitwayo dugite walikuta mabaki ya sumu za panya kwa nyoka 91 katika kila 100. Sumu hujilimbikiza mlo hata mlo. Kwa fosfidi ya zinki hapana nafasi ya kungoja ulimbikizo huo.

Ushahidi mzito zaidi kwamba panya aliyetiwa kitu aweza kuwa silaha juu ya nyoka watoka katika kisiwa cha Guam, Bahari ya Pasifiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyoka wa kahawia wa mitini, Boiga irregularis, aliingia kisiwani humo kwa bahati mbaya, akaangamiza sehemu kubwa ya ndege wa asili. Wataalamu wa Marekani waligundua kwamba nyoka huyo hawezi kustahimili parasetamoli, dawa hii hii ya kutuliza maumivu iuzwayo katika kila duka la dawa. Miligramu 80 zatosha kumwua. Kidonge kimoja cha mtu mzima kina miligramu 500. Basi panya wadogo waliokufa hutiwa dawa hiyo na kudondoshwa kutoka katika helikopta juu ya misitu. Mwaka 2013 walidondoshwa wapatao 2,000. Pale panya wa kulishwa nyoka ametumiwa kwa makusudi kumwua. Kwetu panya aliyekula chambo cha shambani aweza kufanya kazi hiyo hiyo bila ya mtu yeyote kukusudia.

Panya mzima asiye na ugonjwa wala sumu naye ana meno. Aliyefungiwa pamoja na nyoka asiye na njaa, au nyoka aliye karibu kujivua gamba, huanza kwa woga na huishia kwa kutafuna. Wako chatu waliotafunwa mgongo hata mifupa ikaonekana, nao hawakujitetea. Kidonda cha jino la panya huingiwa na bakteria, na katika sanduku lenye unyevu hakiponi kwa urahisi. Ndiyo maana wafugaji wenye ujuzi humwua panya kwanza. Nyoka wengi hujifunza kula mzoga ulio moto moto.

Liko pia jambo la baridi, ambalo katika Singida halina budi kukumbukwa. Mji wa Singida uko juu ya uwanda wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi Juni na Julai upepo wake huwafanya watu watafute mablanketi. Nyoka wa porini katika majira hayo hujificha ndani ya kichuguu na hula kidogo. Nyoka wa sandukuni hulishwa kama kawaida, kwa sababu mwenye kumlisha hana habari. Joto likishuka, maji ya tumbo hayafanyi kazi, na panya huoza ndani ya nyoka kabla ya kuyeyuka. Nyoka hutapika uvundo, hupungukiwa maji, na asipopata joto huweza kufa. Hapo panya alikuwa mwema kabisa, naye hubebeshwa lawama.

Kwa upande wa mlishaji mwenyewe, ajihadhari na bakteria wa Salmonella. Nyoka huwabeba utumboni bila ya kuugua, na panya vilevile. Uingereza, kati ya mwaka 2012 na 2015, mlipuko wa Salmonella Enteritidis uliwapata watu na chanzo chake kikafuatiliwa hadi kwa panya waliogandishwa kwa ajili ya chakula cha nyoka. Marekani ilipata mkasa wa namna hiyo mwaka 2010. Barafu huua vimelea vingi vya jamii ya minyoo, lakini haimwui Salmonella. Panya huyo akiyeyushwa juu ya meza ya jikoni, bakteria huamka pamoja naye. Walio katika hatari zaidi ni watoto wachanga, wazee, na wenye kinga hafifu.

Apendaye kuepukana na mengi ya haya awazalishe panya wake mwenyewe, wale weupe wa maabara, katika vizimba vyenye maranda makavu, na awalishe pumba, nafaka safi na mboga. Jozi chache zatosha kumlisha chatu mmoja mchanga. Asiyeweza, basi na aulize kwanza ni shamba gani panya ametoka na kama lilitegwa chambo msimu huo. Panya aliyeokotwa amekufa, au aliyekamatwa mchana kweupe bila ya mbio, asimpe nyoka hata kama ni mnono. Na nyoka akifa, maiti yake isitupwe jalalani. Avae glavu, aifunge katika mfuko wa nailoni, aiweke mahali penye baridi, na aifikishe kwa daktari wa mifugo wa wilaya pamoja na mabaki ya panya wa mwisho, ikiwa yako. Pafu likipasuliwa kwa urefu wake, vimelea vyenye bangili huonekana kwa macho matupu. Damu iliyojaa ndani ya kifua na tumbo bila ya jeraha lolote ni dalili ya jambo jingine, na hapo swali huhama kutoka kwa nyoka kwenda kwenye shamba alikotoka panya, ambako pengine kuku na mbwa wa jirani wanaokota chambo hicho hicho.